Mayai na Mchicha Asubuhi
Twajua nyumba ambamo mayai yote huuzwa, na watoto huenda shuleni wamekunywa chai tupu. Twawasihi, bakizeni manne.

Osheni fungu moja la mchicha, mlikatekate. Kaangeni kitunguu na nyanya mbili kwa mafuta kidogo, tieni mchicha, mkageuze hata maji yakauke. Yapigeni mayai pamoja na chumvi, myamimine juu, mfunike. Moto uwe mdogo, hata yashikamane yote. Yai lisiloiva huweza kuleta ugonjwa wa tumbo.

Mchicha na kiini cha yai humpatia mtoto vitamini A, ilindayo macho. Gaweni sawasawa, mama na binti wasisahauliwe. Fedha ya mayai manne ni ndogo. Macho hayauzwi sokoni.