Alama za Msiba

Kila taifa lina desturi yake ya kuonyesha msiba. Katika nchi ya Wajaluo, ambamo Asumbi imo, wafiwa tangu zamani hunyolewa nywele baada ya mazishi, na desturi hiyo huitwa liedo. Mjane naye alivaa vazi la marehemu mumewe.

Uingereza, Prince Albert alipofariki mwaka 1861, mkewe Malkia Victoria alivaa nguo nyeusi mpaka alipofariki mwenyewe mwaka 1901. Wengi walimwiga, wakavaa vipuli na mikufu ya jeti. Jeti ni nyeusi kama makaa, wala si jiwe. Ni mti wa kale uliogeuka ardhini, nayo hupatikana Whitby, kando ya bahari. Wengine walitia nywele za marehemu ndani ya pete au kidani, pamoja na jina lake na tarehe ya kufa. Pete za karne ya 17 zilichorwa fuvu la kichwa, ili mvaaji akumbuke kwamba naye atakufa.

Basi huku nywele za aliye hai zilinyolewa, na kule nywele za aliyekufa zilitunzwa. Desturi ni mbalimbali, lakini maana yake ni moja: aliyekwenda asisahauliwe, na aliyebaki ajue kwamba zamu yake yaja.