Ukuta wa Bafu Ukianza Kubanduka

Mkiona lipu imebanduka karibu na bomba la kuogea, hata pawe padogo kama kiganja, msikimbilie simenti. Ulizeni kwanza maji yamepita wapi. Fungeni mabomba yote ya nyumba, kisha tazameni mita: ikiwa ingali ikizunguka, huenda bomba linavuja ndani ya ukuta, basi aitwe fundi. Mita ikitulia, chunguzeni pembe ambapo ukuta hukutana na sakafu. Na ukuta huo ukipakana na chumba wanamolala watoto, msikawie, maana ukungu mweusi uotao penye unyevu huwazidishia pumu wale walio nayo.

Gongagongeni ukuta kwa mpini wa nyundo. Palipo na sauti ya mtungi mtupu, lipu imekwisha kuachana na matofali. Iondolewe yote hata kufikia palipo imara. Hapo wengi huuhurumia ukuta, wakapaka juu ya ubovu, na kiraka chote huanguka.

Osheni vumbi, loweshe­ni matofali, mkachanganye sehemu 1 ya simenti na 3 au 4 za mchanga safi. Jasi haifai, hulainika kwa maji. Tabaka lisizidi sentimita 1.5, nalo linyunyiziwe maji siku kadhaa, kwa sababu simenti ikikauka upesi hupasuka. Siku hizo jamaa waoge kwa ndoo mahali pengine. Pembe ile izibwe kwa silikoni, ambayo hunyumbuka. Simenti ingefanya ufa tena. Rangi ingoje hata majuma 4.