Baiskeli na Mlango wa Duka

Watu wengi wakaao Mathare na mitaa mingine ya mashariki ya Nairobi hufanya shughuli zao kwa baiskeli. Wako wapelekao mikate na maziwa vibandani kabla jua halijachomoza; wako wauzao mayai, na wako wachukuao maji kwa mitungi; na wanoa visu nao, mashine yao ni baiskeli yenyewe. Watu hao wote, mara nyingi kwa siku moja, hukutana na shida asiyoijua mtu aendaye kwa miguu. Mtu amefika mlangoni pa duka. Baiskeli aiweke wapi? Akiiacha nje yaweza kuibwa. Akiingia nayo huenda akafukuzwa. Katika makala haya twataka kueleza jambo hilo lilivyo, ni mahali gani yafaa kuingia na baiskeli na ni mahali gani haifai, na nini wenye maduka waweza kufanya ili wasiwapoteze wanunuzi wao.

Kwanza yafaa ifahamike baiskeli ni kitu gani kwa mtu wa namna hiyo. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Mchukuzi hufunga mitungi minne nyuma na kando ya baiskeli yake, yaani kilo 80, uzito wa mtu mzima mnene. Hakuna mgongo uwezao kuchukua mzigo huo toka asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo baiskeli ikiibwa saa nne za asubuhi, kazi imekwisha saa hiyo hiyo, na kesho yake vilevile hapana kazi, wala hapana fedha za kununua nyingine. Asemaye kwamba ni dakika tano tu, na mtu aiache nje asiwe na hofu, huyo hajafikiri vema ni nini kinachoachwa nje.

Mimi mwenyewe nililipata funzo hilo. Siku moja niliingia katika duka moja la dawa kumnunulia mtoto dawa ya kikohozi, nikaegemeza baiskeli yangu ukutani bila ya kuifunga, kwa kuwa walikuwako watu wawili tu mbele yangu. Nilipotoka niliona alama ya tairi matopeni, basi. Ilikuwa mchana kweupe, na mwenye kuchoma mahindi alikuwa ameketi hatua kumi toka pale, lakini hakuna aliyeona lolote. Nilirudi nyumbani kwa miguu na chupa ya dawa mfukoni. Tangu siku hiyo siwacheki watu wanaosimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, wakishika usukani kwa mkono wa kushoto na kulipa kwa mkono wa kulia.

Zamani jambo hili halikuwa gumu hivi. Maduka mengi ya zamani yalikuwa na baraza mbele, yenye paa na nguzo, na baiskeli iliegemezwa penye nguzo, machoni pa mwenye duka. Hata leo baraza za namna hiyo zaonekana mjini katika majengo ya zamani. Lakini Mathare haikujengwa hivyo. Bonde lile liko kati ya Juja Road na Thika Road, mahali palipochimbwa mawe ya kujengea, na nyumba zake nyingi ni vyumba vya mabati vya futi 10 kwa 10, vimepangana ukuta kwa ukuta, na njia baina yake ni nyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hupisha. Toka Juja Road kuelekea mtoni ni mteremko mkali, na mwenye mzigo hana budi kushuka na kuikokota baiskeli yake. Mahali kama hapo, baiskeli iliyoachwa mbele ya duka huziba njia ya kila mtu, na aisogezaye kwa nia njema na aichukuaye kwa nia mbaya hawatofautiani machoni pa wapitao.

Sasa na tuyatazame maduka yenyewe, kwa maana si yote yaliyo sawa.

Maduka yaliyo mepesi kwa mpanda baiskeli ni yale yenye wavu wa chuma mbele, ambayo ni mengi sana Mathare. Mnunuzi haingii, hupitisha fedha dirishani, au hulipa kwa simu, hupewa sukari yake na kwenda zake. Wavu huo uliwekwa kwa sababu ya wezi, lakini umemfaa mwenye baiskeli pasipo kukusudiwa. Yeye hukaa juu ya tandiko lake, mguu mmoja chini, na hununua. Kosa moja tu hufanyika hapo, nalo ni kuisimamisha baiskeli ikikabili dirisha, hata ikaziba mbele pote, na wanawake wenye watoto migongoni wakangoja nyuma ya keria. Heri kuilaza sambamba na ukuta, na usukani upite kidogo dirisha.

Maduka madogo ambayo sharti mtu aingie, kama kinyozi, fundi cherehani, duka la dawa, na wakala wa M-Pesa mwenye chumba, ndiyo yenye ubishi. Hapa hesabu ni bora kuliko maneno. Baiskeli ya chuma yenye magurudumu ya inchi 28, ile waiitayo Black Mamba, ina urefu wa futi sita hivi, na usukani wake wapata futi mbili kwa upana. Chumba ni futi kumi. Meza ya kuuzia na rafu zake zimekwisha kula futi tatu au nne. Kwa hiyo baiskeli moja ikisimama katikati, duka limefungwa. Lakini baiskeli hiyo hiyo ikisimamishwa ukutani nyuma ya mlango, usukani umegeuzwa na pedali ya upande wa ukuta imeinuliwa, haichukui zaidi ya futi moja na nusu. Tofauti ya kukubaliwa na kukataliwa mara nyingi ni hiyo tu. Wala si ajabu, kwa kuwa watu wengi wa Mathare hulala na baiskeli zao chumbani kila usiku, penye kitanda, jiko na watoto, na kila mmoja ajua kuipanga.

Jambo la pili ni kuomba. Kwetu mtu hapigi hatua ndani ya nyumba ya mwenziwe pasipo kubisha hodi, na duka dogo ni kama nyumba. Asimame kizingitini, aamkie, na kusema: “Mama, habari ya asubuhi. Naomba niisimamishe baiskeli yangu hapa nyuma ya mlango, sitakawia.” Aghalabu atajibiwa: “Haya, kijana, lakini usiguse huo unga.” Yule aingiaye akiisukuma pasipo kusema neno, gurudumu likigonga ndoo, hufukuzwa, na kwa haki. Na akiambiwa hapana, asibishane. Labda jana yake mwingine alichafua kanga mpya kwa mafuta ya mnyororo. Mafuta hayo hayatoki kwa sabuni ya kawaida, na muuza nguo ana sababu ya kuyaogopa kuliko wizi.

Wakati wa mvua, yaani toka Machi mpaka Mei, na tena toka Oktoba mpaka Desemba, matope ya bondeni hushika magurudumu kama udongo wa mfinyanzi. Mwenye adabu huyakwangua kwa kijiti nje, kisha huiinua baiskeli badala ya kuivingirisha sakafuni. Ni nzito, kilo 20 hivi, lakini mwenye kuchukua mitungi minne hashindwi na kilo 20.

Mahali pa chakula ni habari nyingine. Katika bucha, katika hoteli, na mahali pa kusagia unga, haifai kuingia na baiskeli hata kidogo, ijapokuwa mwenyewe ni mwungwana na atakubali. Gurudumu limepita katika mifereji ya maji machafu ambayo sote twaijua, na lile lililopita huko halipaswi kuwa karibu na nyama au unga. Sheria ya Afya ya Umma yamtaka mwenye kuuza chakula aweke mahali pake safi, na mkaguzi wa afya akiingia na kukuta baiskeli yenye matope kando ya kigogo cha kukatia nyama, atakayetakiwa kujibu ni mwenye bucha, wala si mpanda baiskeli.

Maduka makubwa yenye mabawabu, pamoja na yale majengo marefu ya biashara ya Eastleigh, hayakubali baiskeli, na kuomba huko ni kupoteza wakati. Baada ya shambulio la Westgate mwezi wa Septemba 2013, mabawabu wa maduka mengi makubwa hupekua mifuko ya kila aingiaye, na furushi lililofungwa juu ya keria huwatia wasiwasi. Huko yafaa kuuliza kwanza mahali pa kuegesha, kisha kuifunga baiskeli penye bomba au nguzo, ikiwezekana machoni pa bawabu. Amwambie bawabu kwa upole, ijapokuwa haamuru kitu. Mtu aliyesemeshwa vizuri hutupa jicho.

Twageukia sasa wenye maduka, ambao huenda wanasoma na kufurahi kwamba lawama imewaendea wengine. Duka ni mali yako, na una haki ya kusema baiskeli isiingie. Walakini fikiri ni nani unayemzuia. Mwenye baiskeli si mnunuzi wa kiberiti kimoja. Ndiye anunuaye sukari ya kupeleka vibanda vitano, kwa kuwa anacho cha kuichukulia. Akiona hana pa kuweka baiskeli yake, atapita mlango wako aende kwa jirani mwenye wavu.

Dawa yake ni rahisi. Mafundi wa kuchomelea vyuma wako kila mahali katika mitaa hii, na kipande cha nondo kikikunjwa kama kwato ya farasi na ncha zake mbili zikazikwa katika saruji ya msingi wa ukuta, kwa kimo cha goti, kinatosha kufungia baiskeli mbili. Palipo na ukuta wa mabati, ambao hauwezi kushika nondo, yachimbwa shimo la futi mbili na kumwagwa zege. Pete hiyo iwekwe mahali ambapo mwenye duka akiinua macho ataiona, tena isiingie njiani. Wenye maduka watatu wakishirikiana, gharama ya kila mmoja ni ndogo. Huko Uholanzi, katika mji wa Utrecht, palimalizwa mwaka 2019 mahali pa kuwekea baiskeli chini ya stesheni ya treni penye nafasi 12,500. Sisi twaomba pete moja ya nondo. Baraza ya Mji wa Nairobi, ambayo siku hizi ni Serikali ya Kaunti, ilitoa mwaka 2015 mpango wake kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na Thika Road ilipomalizwa mwaka 2012 iliwekewa njia za baiskeli kandokando. Lakini njia humfikisha mtu karibu na duka. Hatua kumi za mwisho ni shauri baina yake na mwenye duka.

Yabaki habari ya kufuli. Ile kufuli ya mviringo iliyo penye gurudumu la nyuma yazuia baiskeli isiendeshwe, lakini haizuii isiinuliwe na kutupwa juu ya mkokoteni. Sharti uwepo mnyororo wa kuifunga penye kitu kisichong’oka, na upite katika fremu, si katika gurudumu la mbele peke yake, maana gurudumu la mbele hufunguliwa kwa spana moja na mwizi akaenda na sehemu iliyobaki.

Tena, kila baiskeli ina namba iliyogongwa katika chuma cha fremu, mara nyingi chini ya ekseli ya pedali au penye bomba la tandiko. Watu wengi wamekuwa na baiskeli miaka kumi na hawajapata kuiona namba hiyo. Igeuze baiskeli yako juu chini leo, futa mafuta kwa kitambaa, uinakili namba na uipige picha kwa simu, pamoja na stakabadhi ya ununuzi kama ipo. Baiskeli ikiibwa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu, kama Pangani au Huruma, utoe namba hiyo, na usiondoke bila ya kupewa namba ya kitabu cha matukio. Pasipo namba ya fremu, baiskeli nyeusi ni baiskeli nyeusi, na hakuna awezaye kusema hii ni ya nani.

Na yeyote auziwaye baiskeli jioni kwa bei ya ajabu, na muuzaji asiyejua hata pampu yake iko wapi, akumbuke ya kuwa kupokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, ni kosa lenye kifungo kifikacho miaka 14, zaidi sana kuliko kifungo cha wizi wa kawaida wenyewe, ambacho ni miaka mitatu.