Kabari na Mafuta: Jinsi Mashine ya Haidroli Inavyopasua Magogo, na Deni la Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Kiswahili hakijapungukiwa na vitenzi vya kazi ya kuni. Kuni hutemwa kwa panga, hukatwa kwa msumeno, huchanjwa kwa shoka na huchochewa jikoni. Msamiati huu ulikomaa katika mazingira ambamo ukuni ulilingana na nguvu za mkono wa binadamu. Katika maeneo ya majani chai nchini Kenya, mathalani Kericho, Bomet, Nandi na Murang'a, hali ni tofauti. Huko viwanda huchoma magogo ya mikaratusi ambayo baadhi yake yana kipenyo cha nusu mita na zaidi. Shoka likipigwa kwenye gogo la namna hiyo hudunda au hunasa. Kazi yake inaweza kufanywa na mashine inayosukuma kabari kwa nguvu ya mafuta yaliyoshinikizwa, nayo huligawa gogo kwa sekunde chache.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: sababu ya kupasua magogo, kanuni inayoipa mashine nguvu zake, na tahadhari zinazopasa kuzingatiwa. Mwishoni tutaangalia istilahi. Yamkini msomaji atauliza, kuni zina uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Uhusiano upo. Anayesimama kando ya mashine hii aghalabu huzungumza Kiswahili siku nzima, ilhali onyo lililobandikwa kwenye chuma huwa la Kiingereza. Lugha isiyoweza kumweleza mfanyakazi namna mashine inavyoweza kumkata vidole ina deni kwake, na deni hilo ni letu sisi tunaoisomea.

Kwa nini gogo lipasuliwe?

Mkaratusi uliletwa nchini mwanzoni mwa karne ya 20, takriban mwaka wa 1902, ili kutoa kuni za garimoshi za Reli ya Uganda. Garimoshi za mvuke zilikwisha kuondoka, lakini mti ulibaki kuwa kuni. Katika kiwanda cha majani chai, kuni huchomwa kwenye boila, maji yakageuka mvuke, na joto la mvuke likatumiwa kunyausha na kukausha majani. Kuni zikiwa mbichi, kazi yote hiyo huzorota.

Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Maji hayo hayaungui. Lazima kwanza yachemke na kutoka kama mvuke, na kila kilo moja ya maji hula takriban megajuli 2.5 za joto kabla halijamfaidi yeyote. Kilo moja ya kuni zenye nusu maji hubakisha joto la takriban megajuli 8, ilhali kilo moja ya kuni zenye asilimia 20 ya maji hubakisha karibu megajuli 14. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na kuwa kilo ya kuni mbichi ina mti kidogo ndani yake. Hata hivyo, hasara ya kuni mbichi haikomei kwenye hesabu hiyo. Moto wake hupoa, moshi huzidi, na sehemu ya gesi za mti hutoroka kwenye dohani kabla ya kuungua. Kiwanda hulazimika kuchoma miti mingi zaidi kukausha majani yale yale.

Hapa ndipo upasuaji unapoingia. Gamba la mti kazi yake ni kuzuia maji yasitoke, na huendelea kufanya hivyo hata baada ya mti kukatwa. Chukua gogo la urefu wa mita 1 na kipenyo cha sentimita 60. Sehemu zake zisizofunikwa na gamba ni ncha mbili tu, ambazo kwa pamoja zina eneo la mita za mraba 0.57. Ukilipasua gogo hilo vipande 8 kutoka katikati, kila kipande hupata nyuso mbili mpya, na jumla ya nyuso hizo ni mita za mraba 4.8. Eneo lililo wazi kwa upepo na jua limeongezeka zaidi ya mara tisa, na safari ya maji kutoka ndani hadi nje imefupishwa. Isitoshe, gogo zima la kiasi hicho likiwa bichi linaweza kuzidi kilo 250. Kipande chake kimoja kinabebeka.

Kwa nini mti hupasuka?

Mti umejengwa kwa nyuzi ndefu zilizolala kufuata urefu wa shina. Kuzikata nyuzi hizo kwa upana ni kazi ya msumeno. Kuzitenganisha ubavu kwa ubavu ni rahisi zaidi, kwa sababu kinachozishikanisha ni hafifu kikilinganishwa na nguvu ya uzi wenyewe. Kabari hutumia udhaifu huo. Ncha yake huingia kati ya nyuzi, mabavu yake yanayopanuka huzisukuma kando, na ufa hutangulia mbele ya ncha. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpasua kuni hutaka kinyume chake, maana ufa ukishaanza, kani inayohitajika hupungua.

Si kila gogo hutii. Mahali tawi lilipochipuka pana fundo, na hapo nyuzi hupinda na kusukana. Baadhi ya mikaratusi ina nyuzi zilizopishana, tabaka moja likielekea huku na jingine kule. Kwa kawaida mkaratusi hupasuka vyema ungali mbichi. Ukiachwa ukauke mzima, nyuzi hukazana na kabari hupata taabu. Ndiyo sababu magogo hupasuliwa mapema, kisha vipande hupangwa kwa matabaka yenye nafasi za kupitisha hewa, chini ya paa, hadi vikauke.

Kanuni ya Pascal

Shoka hutegemea kasi: mtu huliinua, hulishusha kwa nguvu, na nishati yote huishia kwenye pigo moja. Mashine ya haidroli haipigi. Husukuma polepole, bila kuchoka. Siri yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662), ambaye risala yake kuhusu mizani ya vimiminika ilichapishwa mwaka wa 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa ufupi, kimiminika kilichofungiwa kikishinikizwa mahali pamoja, shinikizo hilo huenea pande zote bila kupungua. Mwaka wa 1795, Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya shinikizo la maji lililotumia kanuni hiyo kwa kazi za viwandani.

Tuichukulie mifano ya hesabu. Ukisukuma pistoni ndogo yenye eneo la sentimita mraba 1, na mafuta yakaifikia pistoni kubwa yenye eneo la sentimita mraba 100, kani itakayotoka upande wa pili itakuwa mara 100 ya ile uliyotia. Lakini hakuna cha bure. Pistoni ndogo itasafiri sentimita 100 ili ile kubwa isogee sentimita 1. Tunachopata katika kani tunakilipa katika mwendo.

Sasa tazama mashine yenyewe. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 ina eneo la sentimita mraba 78.5. Mafuta yakifikia shinikizo la megapaskali 20, yaani nyutoni 2,000 kwa kila sentimita mraba, kani inayosukuma gogo ni nyutoni 157,000. Huo ni uzito wa takriban tani 16, na unakusanywa kwenye ncha nyembamba ya kabari.

Viungo vya mashine na mwendo wake

Mashine ina injini ya dizeli au petroli, au mota ya umeme. Wakati mwingine huendeshwa na trekta. Injini huzungusha pampu, pampu hufyonza mafuta kutoka kwenye tangi na kuyasukuma kupitia vali hadi kwenye silinda. Wenzo wa vali ukisukumwa mbele, mafuta huingia nyuma ya pistoni na kulipeleka gogo kwenye kabari, au kabari kwenye gogo, kulingana na muundo. Ukirudishwa, mafuta huingia upande wa pili na pistoni hurejea. Kurejea huku huwa kwa haraka zaidi kwa sababu mhimili wa pistoni umechukua sehemu ya nafasi, na mafuta machache yanatosha kuijaza. Mhimili ukiwa na kipenyo cha sentimita 5, mwendo wa kurudi huwa wa kasi kwa takriban theluthi moja zaidi.

Mashine nyingi zina pampu ya hatua mbili, na hapa pana hekima ya kutajwa. Pampu ikitoa lita 30 kwa dakika, pistoni ya mfano wetu itasogea takriban sentimita 6.4 kwa sekunde. Kusukuma tani 16 kwa kasi hiyo kungehitaji kilowati 10 bila hata kuhesabu upotevu. Kwa hiyo pampu hutoa mafuta mengi kwa shinikizo dogo wakati pistoni inasafiri bure. Mara gogo linapoleta ukinzani, hubadilika na kutoa mafuta machache kwa shinikizo kubwa. Kiasi kikishuka hadi robo, kasi huwa sentimita 1.6 kwa sekunde, na nguvu inayohitajika huwa kilowati 2.5 tu. Injini ndogo hupasua gogo kubwa kwa kukubali kwenda polepole. Shinikizo likipita kiwango kilichowekwa, vali ya usalama hufunguka na kuyarudisha mafuta tangini. Bila hiyo, kitu kingepasuka ambacho si gogo.

Tahadhari kabla ya hatari

Upole wa mashine hii ndio hatari yake. Haina kishindo cha shoka wala kelele ya msumeno wa injini, na kabari inayokwenda taratibu humfanya mtu aamini kuwa atawahi kuuondoa mkono. Mashine iliyo na tani 16 haihisi tofauti kati ya mkaratusi na kiganja.

Kanuni ya kwanza ni kwamba anayeweka gogo ndiye ashike wenzo. Watu wawili wakigawana kazi, mmoja akiweka na mwingine akiendesha, kosa dogo la kuelewana hutosha kuleta kilema. Mashine zilizobuniwa vyema hudai mikono yote miwili iwe kwenye wenzo ndipo pistoni isogee. Kifaa hicho kisifungwe kwa kamba wala kung'olewa kwa ajili ya kuharakisha kazi. Pili, ncha za gogo zikatwe sawasawa, maana gogo lenye ncha iliyoinama huteleza na kuruka. Tatu, gogo lisipasuliwe kwa upana, kwani linaweza kukatika ghafla na vipande kurushwa. Nne, mashine isimamishwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe, na mwendeshaji avae miwani ya kinga na viatu vigumu.

Hatari ya tano haionekani kwa urahisi. Neli ikitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka kwa kasi inayoweza kupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo, pengine bila damu nyingi, lakini mafuta yaliyoingia mwilini huharibu nyama na huweza kusababisha mtu kukatwa kiungo. Mvujo haupapaswi kwa mkono: mashine izimwe, shinikizo litolewe, kisha uchunguzwe kwa kipande cha katoni. Aliyepenywa na mafuta apelekwe hospitalini mara moja hata kama hasikii maumivu makali.

Deni la istilahi

Hapo ndipo lugha inapokuwa suala la uhai. Tuanze na jina. "Mashine ya kupasulia magogo" limeundwa kwa kauli ya kutendea, ambayo hapa haimaanishi kumpasulia mtu bali inaonyesha kifaa cha kutendea kazi. Ni jina linalojieleza. Lakini fikiria agizo "angalia bomba kabla ya kuwasha". Katika Kiswahili cha kila siku, bomba ni mfereji, ni mrija na pia ni kile kinachosukuma maji. Mashine yetu ina vyote. Ni heri tutenge pampu kwa kisukumaji na neli kwa mrija unaonyumbuka. Vivyo hivyo neno "nguvu". Tani 16 ni kani, kilowati 2.5 ni nguvu ya injini, na megapaskali 20 ni shinikizo. Mfanyakazi akiambiwa "nguvu zimezidi", hajui kama apunguze mwendo, azime injini au akimbie. Neno "kanieneo", lililotumiwa na wanaistilahi wa Tanzania badala ya shinikizo, lina faida ya kubeba maana yake waziwazi, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo. Upungufu wake ni kwamba halijazoeleka karakanani.

Kutohoa si dhambi: vali, silinda na pistoni yamekwisha kuingia midomoni mwa mafundi. Hata hivyo, hazina yetu wenyewe isipuuzwe. Kabari ni neno la kale na limeenea bila tatizo. Pistoni na mhimili wake vinaweza kuelezwa kwa mwanafunzi kama mchi ndani ya kinu, taswira anayoifahamu tangu jikoni kwao.

Hitimisho

Tumeona kwamba gogo hupasuliwa ili likauke, kwamba mti hupasuka kwa udhaifu ulio kati ya nyuzi zake, na kwamba mafuta yaliyofungiwa hugeuza nguvu ndogo kuwa kani kubwa kwa gharama ya mwendo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo ya usalama, nayo Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kilichosalia ni mtu wa kuyaandika maelezo hayo kwa Kiswahili sahihi na kinachoeleweka. Idara zetu za Kiswahili zinaweza kuanza na jambo dogo: kila mwanafunzi wa tafsiri apewe mwongozo mmoja wa mashine iliyo katika eneo la kwao, autafsiri, kisha ausome mbele ya wale wanaoiendesha. Watakapouliza swali, hapo atajua ni neno gani halijatosha.