Kufundisha Kulaza na Kuamsha Kompyuta Mpakato

Mwanachuo atakayepangiwa kufundisha katika maeneo ya machimbo ya dhahabu, mathalani Mwakitolyo wilayani Shinyanga, huenda akakabidhiwa kompyuta za msaada, kila moja ya kampuni yake na umri wake. Akifunika moja wakati wa mapumziko na kuifunua baadaye, itaendelea na kazi. Nyingine itabaki na kioo cheusi, na alama za mitihani ambazo hazikuhifadhiwa zitapotea. Makala haya yanakusudia kueleza sababu za tofauti hiyo na kupendekeza njia ya kuifundisha.

Aina za usingizi

Yafaa kwanza ieleweke kwamba kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea kazi. Kumbukumbu ya muda ni mfano wa ubao: huandikwa upesi, lakini umeme ukikatika yote hufutika. Diski ni mfano wa daftari: kilichoandikwa hubaki.

Kompyuta inapolala, vifaa vingi huzimwa, bali kumbukumbu ya muda huendelea kupewa umeme kidogo. Betri ikiisha, ubao umefutika. Inapolala fofofo, yaliyo ubaoni hunakiliwa daftarini, kisha mashine huzimwa. Namna ya tatu, iliyoingia katika Windows 8 mwaka 2012, ni kusinzia: mashine hupunguza tu matumizi ya umeme, na huweza kushtuka yenyewe. Mashine ya namna hii yaweza kupata joto ndani ya mkoba na kumaliza betri njiani.

Kwa nini nyingine haziamki?

Kabla ya kulala, kila kifaa, kama vile kioo, sauti na mtandao, hutakiwa kutunza hali yake kwa msaada wa programu yake iitwayo kiendeshi. Wakati wa kuamka, vyote hurudishwa kwa utaratibu. Kiendeshi kimoja kisipoitika, mashine nzima yaweza kukwama.

Mwaka 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za pamoja ziitwazo ACPI, ili mfumo endeshi uelewane na programu iliyowekwa ndani ya mashine kiwandani. Hata hivyo, watengenezaji hawazitekelezi kwa namna moja, na wengi hupima mashine zao kwa Windows zaidi kuliko kwa Linux. Kwa hiyo basi, kufaulu kwa mashine moja si ushahidi juu ya nyingine.

Hatua za somo

1. Wagawe wanafunzi katika vikundi, kila kikundi na mashine ya aina yake. Penye Windows, waandike amri powercfg /a ili waone aina za usingizi zinazokubaliwa.

2. Wafungue hati ya majaribio, waandike saa, waihifadhi, kisha wailaze mashine kwa dakika tano.

3. Baada ya kuiamsha, wakague kioo, vibonye, sauti, mtandao na hati yenyewe. Wafanye hivyo mara kumi, kwanza ikiwa kwenye chaja, kisha kwa betri.

4. Wailaze usiku kucha na kulinganisha kiasi cha betri cha jioni na cha asubuhi.

5. Waandike matokeo katika jedwali na kulibandika ukutani.

Mashine iliyoshindwa isitupwe. Aghalabu kiendeshi kipya, au programu mpya ya ndani kutoka kwa mtengenezaji, huondoa kasoro. Programu ya ndani ibadilishwe mashine ikiwa kwenye chaja, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mashine yaweza kuharibika kabisa. Ikishindikana, na ilazwe fofofo, iwapo jaribio hilo limefaulu, au izimwe.

Kanuni ya kusisitizwa kila siku ni hii: hifadhi kazi kwanza, ndipo ufunike. Mwalimu mwenye alama za muhula mzima asizikabidhi kwa usingizi wa mashine asiyoipima.