Viungo vya Keki: Harufu Nyingi, Lishe Kidogo

Keki ya viungo inapotolewa katika tanuri, harufu ya mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu huenea nyumba nzima. Wako watu wanaoamini kwamba kitu chenye harufu kali namna hiyo hakikosi kuujenga mwili, na majedwali ya vyakula huonekana kuwaunga mkono. Kwa mujibu wa majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za mchanganyiko wa viungo unaotumiwa huko kuokea keki ya maboga zina miligramu 682 za kalsiamu na miligramu 19.7 za chuma. Uzito kwa uzito, chuma hicho hupita hata kile cha maharage makavu.

Je, viungo basi ni dawa ya upungufu wa damu? Jibu limo katika mizani ya maabara. Mwanafunzi akipima kijiko cha chai cha viungo vilivyosagwa, atapata gramu 2 hivi. Tuseme kijiko hicho kimetiwa katika unga wa maandazi 20. Chuma kilichoingia ni miligramu 0.4 tu, yaani miligramu 0.02 kwa kila andazi. Msichana wa miaka 14 hadi 18 huhitaji takriban miligramu 15 za chuma kwa siku. Ili azipate kutokana na viungo peke yake, ingembidi ale maandazi zaidi ya 700!

Tena, si chuma chote kinachomezwa huingia katika damu. Mdalasini na karafuu zina kemikali ziitwazo polifenoli, ambazo hushikamana na chuma ndani ya utumbo na kukizuia kisifyonzwe.

Thamani ya viungo iko kwingine. Mdalasini hupata harufu yake kutokana na sinamaldehidi, na karafuu kutokana na yujenoli. Mafuta haya hayajengi mwili, bali huamsha hamu ya kula, na humwezesha mpishi kupunguza sukari bila chakula kupoteza utamu wake.

Hata hivyo, kuzidisha viungo ili kutafuta lishe ni hatari. Mdalasini wa aina ya kasia una kumarini, ambayo ikizidi huweza kudhuru ini. Kungumanga nayo, ikiliwa kwa gramu kadhaa kwa mara moja, huleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kuweweseka.

Basi, kila takwimu ya lishe yafaa iulizwe swali moja: ni kwa kiasi gani kinacholiwa? Msichana aliyepungukiwa na damu anahitaji kupimwa na mganga, na kupata nyama, dagaa au maharage, pamoja na chungwa ambalo vitamini C yake husaidia chuma kufyonzwa. Viungo na viachiwe kazi yake ya kunukiza.