Je, Wajua? Siku ya Kwanza Katika Wodi ya Wazazi

Je, wajua kwamba mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida anapaswa kukaa hospitalini angalau saa 24? Ndivyo linavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Uwe umezalia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, Tumutumu karibu na Karatina, au Chogoria upande wa pili wa mlima, usikimbilie matatu ya kwenda nyumbani kwa kuwa tu miguu imepata nguvu.

Sababu ni damu. Kuvuja damu kunaongoza kwa kuua wazazi duniani, na mara nyingi hutokea siku hiyo hiyo ya kwanza. Ndiyo maana nesi atakuja tena na tena kukubonyeza tumbo chini ya kitovu. Inauma, lakini mvumilie: anahakikisha mji wa mimba umekaza. Akiukuta laini atausugua hadi ujikunje, maana ukilegea damu haizuiliki. Atakagua na pedi yako. Ikilowa chepechepe kwa dakika chache, ita mtu, hata kama ni saa tisa usiku na wodi nzima imelala.

Wajua kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi nne za Afrika zilizofanya utafiti mkubwa kuhusu jambo hili? Matokeo yalitoka 2023. Mama alitandikiwa plastiki yenye mfuko wa kupimia damu, badala ya kukisia kwa macho, na matibabu yote yakaanza mapema kwa pamoja. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60.

Baridi ya Julai ya Nyeri mnaijua. Mtoto hukaushwa, akalazwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, akafunikwa. Kofia na soksi ziwe juu kabisa kwenye mkoba, pamoja na kitabu cha kliniki. Kuoga kungoje saa 24, na shangazi akiuliza, mwambie hivyo kwa heshima. Dang'a nayo, yale maziwa mazito ya manjano, isikamuliwe ikamwagwa. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza.

Kabla ya kuruhusiwa, mtoto hupata vitamini K, dawa ya macho, chanjo ya BCG na matone ya polio. Uliza kama vimeandikwa kitabuni.

Njahi na uji wa wimbi vitaletwa na kina nyanya, na ni chakula kizuri kwa anayenyonyesha. Aliyepasuliwa amuulize nesi kwanza.

Je, wajua kwamba viwango vya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) vya 2024 viliweka shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji? Jisajili na ulipe michango mapema, si uchungu ukishaanza. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumzuilia mama hospitalini kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake za kikatiba.

Mwisho, usiondoke bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Uzazi unafaa kusajiliwa ndani ya miezi 6. Kwa Wakikuyu jina halisumbui: mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba. Mtajie karani pale pale, na uhakikishe ameliandika sawasawa.